Upande wa Goti la Kulia

Ilianza mvua za Mei, tukivuka daraja la Sabaki,
mimi, abiria, na magunia mawili ya chumvi ya Gongoni:
tki, tki, tki,
kama mtu anayekata kucha kwa meno
karibu na goti langu la kulia.
Nikivuta mafuta, inaharakisha.
Nikiachia, inanisubiri.
"Kijana," abiria akasema, "hii yako inatafuna kitu."

Muyeye kila mtu ni fundi.
Shukri wa duka la sabuni: hizo ni tapeti.
Kalume, ambaye hajamiliki hata baiskeli:
cheni ya taimingi hiyo, uza mapema.
Dama wa mahamri hakuinua macho kutoka kwenye karai:
"Kwani lini haikuwa na kelele?"

Miezi sita nikaivumilia.
Jumapili hii nikatandika gunia nyuma ya kinu cha kusagia,
nikamvua.
Ndiyo, *nikamvua*. Mtu mwenye deni la pikipiki
husahau ngeli.
Siti kwanza. Kisha kava za ubavu,
zile zenye stika ya tai, mia mbili na hamsini nzima.
Kisha tanki, nikalikumbatia kama mtoto aliyelala,
petroli ikininung'unikia kifuani.

Bila nguo zake alikuwa mdogo.
Hiki ndicho kinachotulisha?
Nyaya zilizofungwa kwa ugwe wa kandambili,
vumbi jekundu la Marafa juu ya chumvi nyeupe,
unyoya wa kuku wa harusi ya watu,
na risiti ya mkopo, imelowa hata deni limefutika,
kwenye karatasi tu.

Nikawasha hivyo hivyo, uchi.
Bisibisi ndefu: ncha kwenye injini, mpini sikioni.
Kichwani, mpigo safi.
Kwenye klachi, safi.
Nikashuka chini, safi, safi,
hadi nikaona haya.
Miezi sita nimeushuku moyo
na moyo ni mzima.

Lilikuwa bati la kukinga joto la ekzosi.
Bolti moja, nambari kumi,
ikicheza tunduni kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Nikalibana bati kwa kitambaa: kelele ikafa.
Nusu zamu ya spana. Basi.
Nikarudisha tanki, kava, siti.
Skrubu moja ikabaki. Huwa inabaki.
Nikaitia mfukoni, sikuiuliza kwao.

Usiku saa nne nikitoka Mambrui
nilisikia vitu nisivyovijua:
matairi yakilamba lami,
vyura wa mashambani,
pumzi yangu mwenyewe ndani ya helmeti, nzito,
kama ya mtu niliyempakia bila kupatana nauli.

Nyumbani, komeo.
Komeo ambalo Nyevu huliondoa
mimi bado niko kule kwenye kona ya kinu.
Nikabisha.
"Nani?"
"Mimi."
"Mimi nani? Wangu husikika."

Tumecheka. Tumekula wali wa jana. Amelala.
Nami niko nje, nimechuchumaa upande wa kulia,
tochi ya simu mdomoni,
spana ya kumi imeshika kichwa cha bolti,
na mkono bado haujaniambia
tunakaza
au tunalegeza.