Jina Lililobaki Msituni

Mahuta, usiku wa pili ghalani.
Mizani ya magunia imegoma,
nami nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati
lisilozidi kopo la maziwa ya unga.
Ndani mna ubao. Juu ya ubao, kadi ya nyongeza.
Kadi haisemi.

Kila nikiiuliza uzito, skrini inajibu
efu efu efu efu,
efu efu efu efu.
Afadhali sifuri. Sifuri ni mtu aliyekuwepo akakataa.
Hii ni hodi kwenye kiwanja kitupu,
sauti yako mwenyewe inarudi na vumbi.

Nimebadili waya. Nimesugua meno ya kadi kwa kifutio
nilichoazima kwa mtoto wa mlinzi.
Nimepangusa ute wa maganda ya korosho,
ule unaobabua ngozi ya vidole
mpaka simu haikutambui.
Nimezima, nimewasha,
nimezima.
Kiendeshi kinaapa: kadi nimeiona.
Kinaapa tena: nimeifungulia dirisha kwenye kumbukumbu,
ukubwa wake huu, mwanzo wake hapa.
Kisha kinachungulia dirishani
na nje hakuna uwanja.

Katibu Asumini Likwata ameketi juu ya gunia,
daftari la wakulima limelala mapajani.
"Mnada Ijumaa, fundi. Nikawaambie nini,
korosho za Mahuta hazina uzito?"
"Zinao."
"Basi kaiambie mashine yako."

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu tarakimu,
macho yamejaa mchanga.

Akaita chai. "Kadogo! Lete birika."
Mtoto yuko hatua mbili, anatazama ukuta.
"Kadogo!"
Ukuta.
"We Kadogo, masikio umeyauza?"
Mlinzi akacheka chinichini, mkono mdomoni:
"Katibu, huyo ametoka jandoni Julai.
Jina hilo kaliacha kule kule. Huku anaitwa Twalibu."
"Haya. Twalibu."
Akainuka mara moja, birika mkononi,
kama mtu ambaye hajawahi kuitwa kabla ya hapo.

Mimi nikaacha bisibisi ikaanguka.

Kwani anwani niliyokuwa nikiita niliitoa wapi?
Nilisoma kwenye rejista ya kadi yenyewe,
kifuani pake, nikaona imeandikwa arobaini na masifuri yake,
nikaipeleka kwa kichakataji vile vile, mbichi.
Lakini arobaini ni jina la upande wa njia,
la huko kadi zinakokutana zenyewe kwa zenyewe.
Upande huu wa kichakataji
uwanja ule ule unaanzia sitini.
Kuna daraja katikati linalogeuza jina kuwa jina,
na mimi, mwenye cheti, mwenye posho ya siku tatu,
nililiruka daraja.

Tena ubao wa zamani ulinidanganya:
kule majina yote mawili yalikuwa mamoja.
Miaka minne nimeita vibaya
na nikaitikiwa.

Nikafuta mstari. Nikaandika mwingine:
usiisome kadi, iulize mfumo
huku kwetu inaitwaje.
Nikawasha.
Nikasubiri, nikijifanya natafuta sukari.

Efu hazikuja.
Ikaja namba ya mtengenezaji, sawasawa na kitabu chake,
halafu sifuri. Sifuri ya kweli, yenye pumzi,
inayotikisika kidogo upepo ukipita chini ya jukwaa.

"Twalibu, panda hapo."
Akapanda na birika lake.
Thelathini na moja nukta nne.
Akaitazama namba, akaitazama birika.
"Hii chai imo humo," akasema, "mnaniibia."
Katibu akacheka mpaka daftari likadondoka.

Nje wenye magunia walikuwa wameanza kuamka,
mmoja anauliza ni saa ngapi, hajibiwi.
Kilo mbili zinazidi bado. Hizo nitazisaka kesho.
Juu ya ule mstari mpya nimeacha maneno kwa atakayekuja:
jina la msituni lisiitwe nyumbani.
Hatanielewa.
Na kifutio cha watu nimekimaliza nusu.