Mizani Iko Wapi

Ghala lile nyuma ya stesheni, Moshi,
lilikaa miaka halina kitu ila popo.
Sasa amekuja msanii kutoka Arusha, Lomnyaki,
ameweka meza moja, ndefu kama foleni,
juu yake kahawa kilo mia tatu,
nzima, mbovu, nyeusi, zilizoliwa na wadudu,
na juu ya kahawa taa arobaini
kwa kamba za katani,
zimeshuka mno, zinawapiga watu kifuani.
Kiti hakuna hata kimoja.

Mimi nimepewa koti, tochi,
na neno moja la kusema: Msiguse.

Wakaja. Wakazunguka mikono nyuma,
kama waliofika msibani
kwa mtu wasiyemjua vizuri.
Mmoja akanung'unikia taa,
mwingine akapiga picha, akajipiga na mwenyewe,
akaulizia choo.
Mwanafunzi akataka nimwambie maana yake.
Nikamwambia mimi ni mlinzi.

Alhamisi akaingia mama mmoja wa Pasua,
Anaeli, ndala zimelika visigino.
Huyu hakuzunguka.
Alikwenda moja kwa moja hadi katikati ya meza,
kama mwenye namba yake pale,
akavuta kreti la soda
(kreti langu, ndilo ninalokalia)
akaketi.

Taa ikamwangukia mikononi, sawasawa.
Ndipo nikajua zilishushwa kwa nini.

Mbovu kushoto, nzima kulia,
zilizovunjika mapajani, ndani ya kanga.
Kidole gumba kilikuwa kinatupa
jicho likiwa bado linafikiri.
Nikafumbua kinywa nilitoe neno langu.
Likagoma.

Sikumwona Lomnyaki alipoingia.
Alikuwa kando ya nguzo, kimya,
mikono nyuma.

Ghala zima likawa sauti ya punje tu,
tk, tk, tk,
na popo mmoja aliyechelewa kulala.

Saa kumi na moja mama akajikung'uta,
akakitazama kichuguu chake cha kahawa safi,
akazitazama pembe za ghala, moja baada ya nyingine,
mpaka zikaisha.
Akanigeukia mimi, si msanii:

"Baba, mizani iko wapi?"

Nikawasha tochi, jua likiwa bado mlangoni,
nikamulika pembe ya kwanza,
nikamulika ya pili.