Pauni Nne na Nusu kwa Herufi

Nukta ni bure. Ua la pembeni, tunaelewana.
Leo jiwe ni la Maud Walker, wa Tokby,
na mpwa wake Desmond amesimama, kofia kwapani,
anahesabu herufi kwa vidole, kimyakimya, juu ya paja.

Kisha anacheka, cheko la kumeza mate:
“Walker! Mtembezi! Na shangazi hakukanyaga chini
tangu ile homa, akiwa na miaka tisa.
Shuleni walimwimbia jina lake mpaka akalia.
Kata Maud tu. Na gharama itapungua.”

Naweka patasi chini.
Namwambia nililoambiwa na baba,
naye na babu, vumbi la mawe likiwa nyusini:
jina hili halikutoka barabarani.
Lilitoka kwenye pipa.
Sufu mbichi, maji, mkojo uliochacha wa mtaa mzima,
na mtu amezama humo hadi magotini
anakanyaga, anakanyaga,
haendi popote,
mpaka kitambaa kishikane, kizuie upepo.

Desmond anaitazama kofia yake.
“Soksi,” anasema baadaye. “Alifuma soksi, pale dirishani.
Nusu ya kijiji wamezivaa.”

Mvua inaanza, ile nyembamba isiyomtimua mtu.
Ananiuliza, nadhani ili tusinyamaze, na Tokby je?
Kwa Toki, namjibu.
Mdenmaki. Alikuja na jembe au na shoka, hatujui.
Ng’ombe wake walikwisha, lugha yake ikakatika,
mlango wake haukuacha hata kutu ya bawaba.
Imebaki ile “kwa” tu, imegandia mkiani mwa jina,
na basi la saa nne hulipita bila kusimama
usipolipungia mkono.

“Na wewe, Lorimer?”
Mfua lijamu. Vyuma vya kinywani mwa farasi.
Mimi nimempanda farasi mara moja, maonyesho ya Agosti;
akaniacha mtaroni.

Hapo tukacheka sote, makaburi yakisikiliza.

“Weka Walker,” akasema. “Yote sita.”
Pauni ishirini na saba. Akazihesabu mbili mbili.
Nikaanza na W,
ncha zake mbili zikizama jiweni
kama miguu ya mtu aliye kazini.

Tokby akaikataa.
“Ya nini? Si yuko hapa hapa?”