Kutoka Moja Hadi Kumi

Nimekuuliza mara tatu, Mzee Wopuwa:
kutoka moja hadi kumi, maumivu ni namba gani?
Mara tatu umejibu, "Hakuna, Sista,"
na shuka limelowa hadi kwenye godoro,
na kiganja umekibana kifuani
kama mtu anayelinda pochi mnadani.

Mashine imeshasema. Karatasi yake ya waridi
imepanda mahali palipotakiwa tambarare;
nimeuona mlima Wanale umechorwa kwa wino
na wewe uko chini yake.
Aspirini umeitafuna, ukakunja uso: "Chungu."
Hicho tu ndicho ulichokubali kukiita chungu.

Mkeo kaniambia ukweli kando ya sinki.
Yalianza jana, mkipima kahawa Budadiri.
Ukasema ni kiungulia. Ukanywa soda ya tangawizi,
ukabeba magunia mawili zaidi.
"Huyu alisimama mbele ya kisu mwaka wa sabini na nne,
kimea kimemkaukia usoni, ukoo mzima unatazama,
kope haikucheza.
Tangu siku hiyo hajawahi kuumwa."

Mimi si wa huku. Kwetu Arua.
Kiswahili nilikiokota kambini, baba akiwa askari;
wewe ulikiokota Malaba, kwenye foleni ya malori.
Hakuna kati yetu aliyebembelezwa kwa lugha hii,
na huenda ndiyo sababu inatufaa.
Ukauliza jina langu. Candiru.
Maana yake? Tabu.
Ukacheka kidogo, nikakukataza kucheka:
"Basi waliokuita hivyo walijua utaajiriwa wapi."

Usiku wangu ni wa mambo madogo.
Wenzo wa kitanda ulivunjika kabla sijaajiriwa,
kwa hiyo kichwa chako kimeinuliwa na matofali mawili.
Nimepima mkojo wako kwa jagi la plastiki.
Nimemnyang'anya Mama Khaukha bakuli la malewa,
karanga zinanukia, magadi yamezidi,
akanitazama kama mwizi.
Ulipotaka kwenda chooni nikasimama mlangoni.
Ukalikataa beseni: binti wa umri huu?
Nikageukia ukuta, nikahesabu nyufa,
mkono mmoja nyuma yangu
umeshikilia uti wa mgongo wako
mpaka ulipomaliza.
Hatukulizungumza.

Saa kumi, umeme ukakatika.
Mashine ikanyamaza, na oksijeni nayo.
Kule nje mlinzi anapigana na kamba ya jenereta,
nami nimebaki na vidole viwili
na saa iliyobandikwa kifuani pa sare,
mishale yake inang'aa kijani.
Mshipa wako: unaenda, unaenda,
unaruka, unaenda.
Arobaini na moja. Arobaini na mbili.

"Saba."

Nikadhani unanisaidia kuhesabu, umekosea.

"Sista. Ni saba."

Hapakuwa na uso wa kuutazama.
Palikuwa na sauti tu, nyembamba,
ya kijana ambaye hakuruhusiwa kuisema
tangu alfajiri ile ya kimea.
Nikasema, "Asante."
Sijui kwa nini nilishukuru.
Nikawasha tochi ya simu, nikaishika kwa meno,
nikapima presha, nikamwita daktari,
nikavuta mofini taratibu, tone kwa tone,
na wewe ukanishika kiwiko
kwa nguvu za mbeba magunia.
Alama ingali pale.

Jenereta ikakohoa. Taa zikarudi.
Uso wako ulikuwa umelowa;
kama ni jasho, kama ni nini,
chati haina safu ya kuandikia.
Nimeandika: saa kumi na dakika kumi na mbili, saba.
Saa kumi na dakika arobaini, tatu.
Umelala sasa, mdomo wazi,
na mkeo ananiuliza kwa ishara
kama anaweza walau kukulambisha karanga.

Asubuhi nitamkabidhi Nandudu zamu:
dripu, presha, vidonge, jagi.
Kisha nitamwambia yasiyoandikwa:
huyu wa kitanda cha nne
akikujibu hakuna,
zima taa,
umuulize tena.