Nyuzi Nane

Tisini na nne.
Nimepima mara saba tangu asubuhi
na kompyuta inanijibu tisini na nne,
kama karani aliyekariri jibu moja.
Ninalipia elfu moja. Risiti ninayo.

Nje Riga imeganda.
Jirani wa chini anakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
na rekodi za kwaya, tamasha zima,
sauti za kwanza mia mbili na mvua juu yao,
zinasafiri kwenda kwa mteja wangu Tallinn
tone, tone, kama kahawa kwenye chujio.

Kwanza niliilaumu ruta.
Nikaizima, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha.
Nikailaumu kampuni. Raivo, kijana wao wa simu,
akanipima kutoka mbali kama daktari mwenye haraka:
"Mama, mpaka mlangoni kwako ni salama."
Nikaigeukia kompyuta, nikaifungua mbavu,
nikatoa vumbi la kutosha kufuma soksi.
Tisini na nne.

Simu yangu ya mkononi, isiyo na waya wowote,
inayodaka hewani kile inachokipata,
ikasoma mia nne na kumi.
Hapo nikakaa chini.
Mzururaji amempita mwenye barabara yake!

Nikatafuta kebo fupi, urefu wa mkono,
nikaibeba kompyuta hadi koridoni kama mtoto mwenye homa,
nikaiunganisha hapo hapo ubavuni mwa ruta.
Mia tisa arobaini na moja.
Basi, mshtakiwa amebaki mmoja:
kebo ndefu, mita ishirini na mbili,
aliyoilaza Vilnis kabla hajahama.

Mambo mawili sikutaka kuyafanya mwaka huu:
kubandua mbao za ukingo wa ukuta,
na kumpigia Vilnis.
Nilianza na mbao.
Misumari yake haing'oki.

"Uliipitisha wapi?"
Hakuuliza nini.
"Nyuma ya kabati, chini ya kizingiti, kisha jikoni,
nyuma ya friji. Friji ni ile ile?"
"Nilinunua nyingine. Machi."
Akanyamaza. Kule Liepāja mtoto alikuwa analia,
mtoto nisiyemjua jina.
"Itazame miguu yake," akasema.

Mguu wa friji ulikuwa umeikanyaga kebo
kama kisigino juu ya mkia wa mjusi.
Miezi kumi. Na mimi kila asubuhi
nikifungua mlango, nikitoa maziwa.

"Ndani mna nyuzi nane," Vilnis akasema. "Jozi nne.
Ukikatika mmoja, mashine hazigombani.
Zinapatana bei ya chini.
Zinashuka mpaka pale nyuzi nne zinapotosha,
na zinaendelea kuongea, polepole,
bila kumwambia mtu."
"Nimeelewa," nikasema.
"Nazungumzia kebo."
"Najua unazungumzia nini, Vilnis."

Droo ya tatu, kopo la biskuti:
plagi zake zimo, koleo lake limo.
Nilisema nilitupa kila kitu.
Nikakata pale palipopondeka, nikamenya ngozi ya kijivu,
naye akanisomea rangi, simu ikiwa begani kwangu:
nyeupe-chungwa, chungwa,
nyeupe-kijani, buluu,
nyeupe-buluu, kijani,
nyeupe-kahawia, kahawia.
Bana. Usikie inalia.

Ncha ya pili nilikuwa nimeshashika mpangilio.
Nikamwacha asome tena,
mpaka kahawia.

Kiungo kidogo cha plastiki kati ya ncha mbili.
Taa ikatoka rangi ya chungwa, ikawa kijani.
Nikasukuma friji vidole vitatu mbele;
sasa mlango wake unagusa meza, nitazoea.

Usiku akaniandikia neno moja: "Ngapi?"
"Mia tisa thelathini na nane," nikajibu.
Zile tatu zilizopungua hakuziuliza.
Kwaya ilikuwa imeshafika Tallinn, mvua na yote.