Kabla ya Kuwasha

Saa kumi na mbili na nusu, Upper Hill.
Baridi ya Julai imeng'ang'ania vyuma kama mdai.
Mashine iko palepale nilipoiacha jana,
mkono wake umekunjwa, kapu limeinama
mithili ya ng'ombe anayelamba chumvi.

Siiwashi. Naizunguka kwanza,
kwa miguu, polepole,
jinsi Bi Kerubo alivyonifunza kule Viwandani:
"Macho hayatoshi, binti. Gusa. Nusa.
Ila mafuta usiyaguse kwa kidole,
yakiwa na nguvu hupenya nyama kama sindano.
Chuma hakisemi uongo,
lakini hakimjibu asiyeuliza."

Tairi la kwanza lina msumari wa mabati.
Nauchomoa kwa koleo, nautia mfukoni
karibu na ufunguo.
La pili sawa. La tatu sawa.
La nne limevaa tope la jana;
nakwangua kwa kijiti hadi nati zionekane:
nane.
Nahesabu tena. Nane.

Lango la kapu linajifunga lenyewe.
Ndoano za mikanda zimeshika.
Kibandiko cha uzito kimechubuka, lakini kinasomeka:
watu wawili na vifaa vyao,
yaani mimi, na Lemayian wa vioo,
na ndoo yake ya gundi.

Mutisya foromani anapita, simu sikioni:
"We Nyaboke, hiyo ni mashine unakagua
au ni bibi harusi?
Mwenye jengo anafika saa tatu!"
Vibarua wanacheka. Mimi pia nacheka kidogo,
huku nikiinama chini ya kiwiko cha mkono,
pale mipira ya mafuta inapopinda.

Pana unyevu.

Usiku kulikuwa na manyunyu; huenda ni maji.
Napangusa kwa kipande cha leso kuukuu.
Kinarudi na rangi ya chai ya rangi.
Maji ya Nairobi yana mambo yake,
lakini si haya.
Natandika kadibodi chini, nachuchumaa, nahesabu.
Nikifika hamsini na tatu tone linachomoza,
linanenepa,
linasita kama mgeni mlangoni,
linaanguka.

Nafungua kitabu cha fomu niandike.
Ukurasa wa jana unanitazama.
Alama za vema kumi na tisa
zimeegemea upande mmoja zote,
kama nyasi zilizolazwa na upepo mmoja;
mkono ulioziandika haukupumzika, wala haukutoka nje.
Mipira ya mafuta: sawa.
Sahihi: yangu.

Jana mvua ilinyesha. Mtoto alikesha na homa.
Nilizipiga alama hizo ndani ya kontena,
kikombe cha chai mkono wa kushoto.
Kisha nikampandisha Lemayian hadi ghorofa ya tisa,
na huko juu mawingu yakafunguka,
akanionyesha vilima vya Ngong,
akasema, "Nyuma ya pale ndiko kwetu,"
akiegemea ukingo wa kapu kwa mikono yote miwili,
na mkono wa mashine ulitubeba, ukatunyamazia.

Leo naweka alama ya mkasi.
Narudi ukurasa wa jana, naandika pembeni,
herufi ndogo, ila zinasomeka:
Sikuangalia.
Nafunga kibao chekundu kwenye usukani.

Mutisya anafoka, anafokea simu,
simu inamfokea.
Fundi wa haidroliki atatoka Baba Dogo,
atafika saa tano, labda saa sita.

Lemayian amefika na mkanda wake umeshafungwa mwilini.
"Leo hatupandi?"
"Hatupandi."
Anapindua ndoo, anakalia, halalamiki.
Nina andazi moja kwenye karatasi.
Naligawa.
Nampa nusu iliyo kubwa,
naye anashangaa kidogo, kisha anakula.
Chini ya kiwiko, kadibodi inapokea tone jingine.