Ndoo Nayo Ina Uzito

Wiki tatu niliimba ubaoni:
gramu elfu moja, kilo moja.
Wakaitika, themanini na wanne,
sauti zikagonga bati, zikashuka na ukungu
hadi bondeni kwenye viazi, zikaozea huko.
Nikiuliza, "Kilo moja ni nzito kiasi gani?"
walitazama chaki mkononi mwangu
kana kwamba jibu ni jeupe.

Alhamisi nikaenda zahanati.
Nesi Sekela akanipa mizani ya kliniki,
ile ya kuning'iniza, ya kupimia watoto wachanga.
"Irudi kabla ya saa saba," akasema.
"Na isinuke udongo."

Tukaifunga kwenye boriti ya stoo ya mama Tumpe,
kando ya barabara ya Ilembo,
ambako magunia kumi na moja yalisubiri Fuso,
kila moja limevimba, limevishwa kilemba cha wavu,
limeshonwa kwa katani mpaka shingo ikapotea.
"Hilo ni gunia tu, Mwalimu," alisema dalali.
"Gunia ni kilo mia. Mtoto mdogo anajua."
Sikujibu. Nilikuwa nimejiapiza siku hiyo kutojibu.

Mama Tumpe akashika kiuno:
"Mkilifumua, nani atalishona?"
"Sisi," wakasema,
na mikono ilikwisha kufika kwenye kamba.

Darasa likajigawa lenyewe:
wa kubeba, wa kusoma mshale, wa kuandika,
na wale wa kubisha, ambao hawakosekani.
Kumi na nane na nusu. Kumi na nane kasoro robo.
"Umesoma vibaya!" "Wewe umesimama upande!"
Lusungu akapiga magoti, jicho likalingana na mshale,
jambo ambalo kitabu kimelichora vizuri tu
na hakuna aliyewahi kulipigia magoti.

Mwalimu Mkuu akapita na pikipiki, akapunguza mwendo.
"Hii imo kwenye andalio la somo?"
"Imeandikwa Vipimo," nikasema,
nikiwa na matope hadi magotini.

Ndoo nane. Mia moja arobaini na tano!
Makelele, vifijo, viazi vikibiringika barabarani.
Ndipo Ambakisye,
anayekaa nyuma, penye dirisha lisilo na kioo,
ambaye kalamu yangu nyekundu inamfahamu kuliko mimi,
akasema polepole, akitazama vidole vyake vya miguu:
"Mwalimu, ndoo nayo ina uzito."

Tukaining'iniza tupu.
Kilo moja kamili.
Akazidisha kwa nane mwenyewe, akatoa mwenyewe,
kwa kijiti, kwenye udongo mweusi:
mia moja thelathini na saba.

Hakuna aliyewaambia kinachofuata.
Thelathini na saba za juu, mara magunia kumi na moja,
mia nne na saba,
mara shilingi mia sita, bei ya asubuhi ile;
wakisukumana, wakifuta kwa nyayo, wakianza upya,
hadi Tumpe akasoma kwa sauti
laki mbili, elfu arobaini na nne, na mia mbili.
Akamtazama mama yake.
Mama akatazama viatu vya Tumpe.
Dalali akakumbuka ana simu ya kupiga.

Siwezi kuandika kwamba alishindwa.
Mvua ilikwisha kukaa kileleni, Fuso linanguruma,
na kiazi hakingojei haki.
Gunia likashonwa, kilemba kikarudi kichwani,
bei ile ile.
Ila ubavuni Tumpe aliandika kwa mkaa: 137.
Yale kumi mengine wakayachora alama ya kuuliza,
moja moja, bila haraka,
huku utingo akifoka.

Saa sita na nusu, njiani kwenda zahanati,
Ambakisye ameipakata mizani kama mtoto wa mtu.
Akasimama ghafla.
"Mwalimu. Na hii, nani ameipima?"

Sikuwa na jibu.
Nikampisha, akatangulia.